Hicho kimondo hakikuangukia Shira, nyota za kwenye picha yako zimeshasema

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Niko Rau, Moshi. Usiku wa tarehe 13 Desemba nilikuwa napiga Kibo na nyota kwa simu, nimeiweka kwenye stendi sekunde 30, kikapita kimwanga kikali kutoka kulia kwenda kushoto na kwenye picha kimetoka kama mstari. Faili linasema 23:20. Jirani anaapa kimeangukia upande wa Shira, magharibi ya Kibo, binamu yangu aliye Njiro Arusha naye alikinasa, picha kanitumia WhatsApp na haioneshi saa, ila yeye anasema kimeangukia nyuma ya Meru. Kampasi ya simu inanipa namba tofauti kila nikiigeuza. Nitajuaje kilikuwa uelekeo gani hasa, na tunaweza kwenda kukiokota?"

Marahaba kijana wangu. Picha nimeifungua na aisee umebahatika, watu wanakesha miaka hawapati mstari uliokaa vizuri hivyo juu ya Kibo.

Kampasi ya simu iweke pembeni kabisa. Mimi ni mpima ardhi, nimezunguka na vyombo kuanzia Usa River mpaka Himo, na nakwambia sindano ya kampasi kwenye mji wetu huu inaonewa sana, ina nondo za nyumba, mabati, gari lililopaki, halafu chini kuna mawe ya volkano ambayo yenyewe yana chuma ndani. Ukikosea digrii 10 kwa kitu kilicho kilomita 200 umekosea kilomita 35, hapo si afadhali umuulize tu jirani.

Na huna haja nayo, kwasababu kwenye picha yako kuna kitu bora mara elfu. Sisi wapima tunaanzia kwenye bikoni, ukishajua bikoni mbili ziko wapi basi kitu chochote kilicho karibu nazo unakipata kwa kupima kutoka kwenye hizo. Nyota ndo bikoni za angani, kila moja ina anwani yake ya namba mbili kama longitudo na latitudo, na zimepimwa kwa ukali ambao huku chini hatuuoti. Chombo cha angani cha Hipparcos kilipima nyota zaidi ya 118,000 kati ya 1989 na 1993, kikafuata Gaia kilichorushwa 2013 na orodha yake ya mwaka 2022 ina nyota kama bilioni 1.8. Na uzuri wake ni bikoni ambazo hakuna mtu wa kuzing'oa usiku akazisogeza kwenye shamba la ndugu yake, nyie wa Moshi mnanielewa.

Sasa tuangalie picha. Umeishika simu wima, Kibo kiko chini katikati. Juu kabisa upande wa kushoto karibu na ukingo kuna kirundo kidogo cha nyota zilizobanana, hicho ni Kilimia, wazee walikuwa wanakiangalia ndo wajue msimu wa kulima. Ukishuka kulia kuna nyota kubwa yenye manjano kwa mbali, hiyo ni Capella, ya sita kwa kung'aa kati ya nyota zote za usiku. Ukishuka kushoto, chini kidogo ya usawa wa Capella, kuna Mirfak. Kibo kimekaa kati ya hizo mbili na mstari wako unapita juu ya kilele. Ile nyota ya kaskazini wanayoisema Wazungu usiitafute, sisi tuko digrii 3 na dakika 20 kusini ya ikweta kwahiyo yenyewe iko chini ya upeo wa macho, kwa Moshi imezikwa kabisa nyuma ya mlima.

Capella na Mirfak kwa orodha zimeachana digrii 19.1. Kwenye picha yako nimepima kati yao pikseli kama 1,020, kwahiyo digrii moja ni pikseli 53 hivi na pikseli moja ni kama dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Mwezi mpevu una upana wa nusu digrii, kwahiyo simu yako ya kawaida inagawa mwezi vipande karibu 27. Hapo ndo watu huwa wanashangaa.

Halafu ni kazi ya kamba mbili kama tunavyofanya shambani. Kutoka Mirfak hadi pale mstari unapoishia ni pikseli kama 720, hiyo ni digrii 13 na nusu. Kutoka Capella hadi hapohapo ni digrii 24 na nusu kasoro kidogo. Chora duara la kamba ya kwanza, chora la kamba ya pili, yanapokatana ndo penyewe (yanakatana sehemu mbili lakini moja iko juu kwenye nyota nyingine huko, picha yenyewe inakwambia ni ipi). Ukitumia nyota ya tatu na ya nne unajua kama umekosea, na utumie zilizo karibu na kitu chako, lenzi za simu zinavuta picha kwenye kingo, kwahiyo ile hesabu ya pikseli 53 inafaa katikati ila pembeni inaanza kudanganya.

Kama hutaki kupima kwa mkono kuna programu za bure. Astrometry.net unaipa picha tu hata bila kuiambia umepiga wapi wala lini, inachukua nyota nnenne, mbili zilizoachana zaidi inazifanya kama ncha za rula halafu inaangalia zile mbili nyingine zimekaa wapi kwenye hiyo rula, umbo hilo halibadiliki ukizungusha picha wala ukiivuta iwe kubwa, basi inalitafuta kwenye orodha yake kama polisi anavyotafuta alama ya kidole. Ikilipata inakurudishia anwani ya kila pikseli. Ushauri wangu kata mlima na taa za mji kwanza ubaki na anga tupu, vinginevyo inaweza kuhangaika na taa za Rau ikidhani ni nyota.

Mpaka hapo una anwani ya mwisho wa mstari kati ya nyota. Lakini wewe hujauliza anwani ya kati ya nyota, umeuliza upande gani wa dunia, na anga linazunguka digrii 15 kila saa moja, digrii moja kila dakika 4. Kwahiyo kugeuza anwani ya nyota kuwa azimuti, yaani digrii ngapi kutoka kaskazini ukizunguka kwenda mashariki, lazima ujue ulisimama wapi na ilikuwa saa ngapi. Ulipo ni rahisi, GPS ya simu inatosha. Saa ndo inayoumiza watu, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Faili lako linasema 23:20. Hiyo kwetu ni saa 5 na dakika 20 usiku, na kwa saa za dunia ni 20:20 kwasababu tuko mbele masaa matatu. Mtu akiandika kwenye programu "5:20" kwasababu ndivyo alivyoisema mdomoni, amesogeza anga robo nzima ya duara. Programu itamwambia Mirfak iko chini ya ardhi na wakati kwenye picha inang'aa. Akisahau kutoa yale masaa matatu kosa ni digrii 45. Usicheke, mimi mwenyewe nikiwa kijana kazini nilipima azimuti ya mpaka kwa jua saa tatu na dakika kumi asubuhi, nikaandika kwenye fomu 3:10, nikakaa na hesabu jioni nzima nikishangaa kwanini jua linatoka chini ya ardhi. Mzee aliyekuwa ananifundisha aliangalia mara moja tu akaniuliza, "wewe ulienda shambani saa tisa usiku?" Tangu siku hiyo naandika saa ishirini na nne.

Sasa majibu yako. Saa 23:20 ukiwa Rau, Capella ilikuwa azimuti 12, yaani kulia kidogo ya kaskazini, kimo chake, yaani pembe ya kutoka upeo wa macho kwenda juu, digrii 39. Mirfak ilikuwa azimuti 349, kimo 35. Mstari wako unaanza azimuti 8 kimo digrii 27 na nusu, unaishia azimuti 352 kimo 22. Na una bahati nyingine, kilele cha Kibo kutoka Moshi kiko karibu kabisa na kaskazini (azimuti yake kamili kutoka hapo uliposimama isome kwenye ramani) na kimo digrii 9 na nusu, ukipima na chenyewe kwa nyota zilezile na ukipata jibu hilo ujue saa yako na hesabu zako viko sawa. Wenzetu wa sehemu tambarare hawana ukaguzi wa bure kama huo. (Hewa inapinda mwanga kidogo, kwenye kimo cha 22 ni dakika mbili na ushee za pembe tu, ila kwenye upeo wa macho inazidi nusu digrii, kwahiyo kitu kilicho chini sana usikiamini mpaka ukirekebishe.)

Kitu cha kwanza nilichofanya na huo mstari ni kuurefusha kurudi nyuma, kulia, nje ya picha. Kimondo kinakwenda mstari ulionyooka na lenzi nzuri inauacha umenyooka. Ukiurefusha unapita Castor, nyota iliyokuwa kaskazini mashariki muda huo. Na tarehe 13 kuamkia 14 Desemba ndo kilele cha vimondo vya Geminidi ambavyo vyote huonekana kama vinatokea karibu na Castor. Kwahiyo si ndege, ndege ingeacha vidoti vidoti vya taa za kuwaka na kuzima, na si setilaiti maana usiku ule wa manane zile za chini ziko ndani ya kivuli cha dunia. Ni Geminidi, vumbi la mwamba wa angani unaoitwa Phaethon uliogunduliwa 1983, linaingia kwenye hewa yetu kwa kasi ya kilomita 35 kwa sekunde.

Haya, kiliangukia wapi? Hapa jirani yako na binamu yako wote wamekosea kwa namna moja. Picha moja inakupa uelekeo tu, haikupi umbali, hata upige na kamera ya mamilioni. Azimuti 352 kutoka Rau ni kweli inapita upande wa Shira, jirani hajadanganya, ila mstari haukomei hapo, unaendelea kuvuka mlima, kuvuka Amboseli na kuendelea. Vimondo vya aina hii kwa kawaida vinazimika kilomita kama 80 juu. Kitu kilicho kilomita 80 juu na wewe unakiona kwenye kimo cha digrii 22, kiko kama kilomita 190 mbele yako. Pima kwenye ramani, kilomita 190 kutoka Moshi kwa azimuti 352 unatua kati ya Kajiado na Machakos. Kenya kabisa! Lakini hiyo 80 nimeikisia, kama kilizimika kilomita 60 juu basi ni huko magharibi ya Emali, kama ni 100 unasogea mpaka njia ya Thika. Unaona jinsi picha moja inavyoteleza.

Ndo maana picha ya binamu ni dhahabu. Njiro na Moshi zimeachana kilomita 70 hivi kwa mstari ulionyooka. Nyota ziko mbali mno, mtu wa Moshi na wa Njiro wanaziona karibu sehemu ileile, lakini kimondo kiko karibu kwahiyo kinaruka kwenye picha. Funga jicho moja tazama kidole chako mbele ya ukuta, halafu badilisha jicho. Kwako mstari umeishia chini ya Mirfak. Kama kisio langu la kilomita 80 ni sahihi, kwa binamu yako mstari unatakiwa kuishia chini ya Capella, azimuti 13, na ukiwa Njiro azimuti 13 ndo kilele cha Meru kilipo. Si ndo alichokwambia, kwamba kimeangukia nyuma ya Meru! Alichokiona ni sahihi, ila "nyuma ya Meru" ni neno refu sana, hata Nairobi iko nyuma ya Meru.

Mistari miwili inakatana kwa digrii 21, inatosha kabisa. Kila mmoja wenu akikosea robo digrii, mahali kilipozimika mnapajua kwa kilomita moja hivi kulia na kushoto, na kama kilomita 3 mbele na nyuma. Kazi hiihii ndo ilifanywa kwa kimondo cha Příbram, Chekoslovakia, tarehe 7 Aprili 1959, mtaalamu wa nyota Ceplecha alikuwa na picha za kamera za vituo tofauti, akapata njia yake angani na vipande vikaokotwa. Ilikuwa mara ya kwanza watu kushika mkononi jiwe ambalo picha zimeshaonesha lilikotoka kwenye anga za juu. Na hata kama picha haina nyota usikate tamaa ilimradi kamera haijasogea. Chelyabinsk, Urusi, 15 Februari 2013 kimondo kilipita asubuhi kweupe, kamera za magari na za majengo zikakinasa bila nyota hata moja, wataalamu wakarudi sehemu zilezile usiku wakapiga picha za nyota na kuzilinganisha na paa za nyumba na nguzo zilizoonekana kwenye video. Kwahiyo mwenye kamera ya ulinzi dukani asiigeuze baada ya tukio, hilo tu.

Kuokota? Hapana mwanangu, usitumie nauli. Geminidi nyingi ni chembe ndogo, iliyong'aa hivyo inaweza kuwa kama punje ya hindi au kakijiwe, imeungua na imeisha hukohuko juu. Vinavyofika chini ni vikubwa, na polepole, na vinaendelea kuwaka mpaka chini sana. Nchi yetu tunavyo, Mbozi kule Songwe kuna dubwana la chuma la tani kama 16, na 16 Desemba 1938 kilianguka kimoja Ivuna ambacho wanasayansi wanakithamini sana kwa kuwa ni cha aina adimu mno. Chako si cha ukoo huo.

Sasa tumalizie picha ya binamu. Umesema kakutumia WhatsApp na haioneshi saa. WhatsApp inabana picha na kufuta taarifa zake, mwambie atume kama dokumenti. Na muulize kama alitumia ile hali ya usiku ya simu, ile inapiga picha nyingi na kuzibandika pamoja, mara nyingine inasogeza nyota zikae sawa huku mlima ukibaki, na ukipima nyota na mlima kwenye picha ya hivyo unapata upuuzi. Kama faili halisi amelifuta, bado kuna njia. Tunajua Meru haiendi popote na tunajua Capella ilikuwa inasogea kwenda kushoto digrii moja kila dakika 6 hivi, kwahiyo ukipima Capella iko wapi ukilinganisha na kilele cha Meru unairudisha saa ya picha kwa kosa la dakika moja tu au chini yake. Nyota zilezile zinakuwa saa.

Ila kwa njia hiyo lazima ajue alisimama wapi hasa, Njiro ni kubwa. Nyota hazijali ukihama mtaa, Meru inajali, kutoka hapo kilele kiko kama kilomita 18 na ukisogea mita 300 tu kushoto au kulia umeshakihamisha digrii nzima. Kwahiyo aende aliposimama usiku ule, kama ni barazani iwe barazani, kama alipanda juu ya tenki la maji apande tena, asome GPS hapohapo anitumie namba zake pamoja na picha.